Maalim, hii watani ni neno moja au mawili?

SWALI: Maalim asalam aleykum. Mdogo wangu yuko Dubai, kazini kwao kila siku ni tautini tautini, yaani kazi wapewe wenyeji, ana wasiwasi na kibarua chake. Alafu huku kwetu kuna kalenda ukutani imeandikwa "Hubbul watani minal imani", eti Mtume kasema kupenda nchi ni katika imani. Hayo maneno yanahusiana? Na hiyo hadithi ni kweli? – Dada wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Waaleykum salam dada yangu. Watani na tautini shina ni moja, watan. Waarabu wa zamani hawakumaanisha nchi yenye bendera na pasipoti, ilikuwa ni pale mtu alipotulia akafanya kwao, hata zizi la mbuzi waliliita hivyo hivyo.

Na sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, hiyo maana tunayo mpaka leo, sema wengi hawajui. Ili swala ya Ijumaa iswihi wanahesabiwa wanaume 40 ambao ni mustautini, yaani wakaazi hasa, hawahami kiangazi wala masika ila kwa haja. Sasa chukulia mtu wa Pangani anafanya kazi hapa Tanga miaka na miaka lakini nia yake siku moja arudi kwao, huyo Ijumaa inamlazimu aje aswali ila kwenye wale 40 hahesabiwi, kwa sababu watan yake bado iko Pangani. Mi napenda sana hii, nia ya mtu inaamua kwao ni wapi! Cha kuumiza, neno hilohilo mustautini kwenye habari za leo ndo wanaitwa walowezi wa Kiyahudi kule Palestina.

Maana ya taifa imekolea karne ya 19. Siku hizi raia ni muwatini, na Saudia sikukuu yao ya 23 Septemba ni Al-Yaumul Watani. Tautini ya mdogo wako ni kuwapa ajira wenyeji wa Imarati: tangu 2022 kampuni binafsi zenye wafanyakazi 50 kwenda juu zinatakiwa kila mwaka ziongeze raia, asilimia 2 ya kazi za ujuzi. Kwaiyo aangalie kazi yake iko kundi gani na kampuni ina watu wangapi, wasiwasi wa bure hausaidii.

Kuhusu kalenda, hapana dada, ile sio hadithi. Imam Saghani, mwanachuoni wa hadithi, aliiweka kwenye zile za kutungwa. Ila ilivuma sana, hata Butrus al-Bustani, Mkristo wa Beirut, aliifanya kauli mbiu ya jarida lake Al-Jinan 1870. Maneno yenyewe hayana ubaya, ubaya ni kumsingizia Mtume (s.a.w.), hapo pa "Mtume kasema" pafuteni. Mkitaka ya kweli ipo kwa Bukhari, kapokea Anas: Mtume akirudi safari akiziona kuta za Madina alikuwa anamharakisha mnyama wake, kwa kuupenda.