Picha ya Wajinga Imekosa Vicheko: Kosa ni la Nani?

*Assalamu aleikum, wahariri. Nina kibanda cha video hapa Maweni, Malindi. Viti 60, kiingilio shilingi 30. Niliweka picha ya Kimarekani, Idiocracy, kwa kuwa niliambiwa ni kichekesho cha kuvunja mbavu. Wakaja watu 18. Hata robo saa haijafika wakaanza kunong'ona, kisha watano wakatoka na mmoja wao akadai pesa zake. Waliobaki walisema ni picha ya wajinga iliyotengenezwa na wajinga. Mimi naona ina kitu ndani yake, ila kuitetea nashindwa. Je, ni mbaya kweli?*
Mwenye kibanda, Maweni

Waaleikum salaam, bwana. Dosari inazo, na moja tutaitaja waziwazi, lakini mbaya siyo. Wala si wewe wa kwanza kuiweka vibaya. Mike Judge, mwongozaji wake, aliipiga Texas mwaka 2004, na kampuni yenye picha hiyo, 20th Century Fox, ikaifungia hadi Septemba 2006. Ilipoitoa, iliipeleka miji 7 tu, kumbi kama 130, bila tangazo la televisheni na bila kuwaonyesha wahakiki mapema. New York haikufika. Ikaingiza chini ya nusu milioni ya dola, ikashushwa. Wengi waliijua baadaye kwa DVD, ndipo ikaanza kusifiwa. Kwa hivyo akija mtu kukwambia "hata kwao iliwashinda," mjibu kwamba kwao haikuandaliwa. Chakula ambacho hakikupakuliwa utakijuaje utamu wake?

Kwa ambaye hajaiona: Joe Bauers (ndiye Luke Wilson), askari anayekaa maktaba ya jeshi, mtu wa wastani kwa kila kipimo, analazwa usingizi wa mashine mwaka 2005 pamoja na Rita (Maya Rudolph), waje waamshwe baada ya mwaka mmoja. Wanasahauliwa. Wanaamka 2505, takataka zimekuwa milima, mazao yamekauka, na Joe ndiye mwenye akili kuliko wote waliobaki. Tumezoea kusema mjinga akierevuka mwerevu yuko mashakani. Hapa wajinga hawakuerevuka hata chembe, na mwerevu bado mashaka yakamkuta: anashikwa, anashtakiwa, na wakili wake aliipata shahada ya sheria dukani.

Watu wako waliudhiwa na dakika za mwanzo, na wana haki. Picha inafungua kwa kuwalinganisha mume na mke wasomi wanaoahirisha kuzaa, na ukoo wa wasiosoma unaozaa bila kupumzika, kisha inadai hivyo ndivyo dunia ilivyopumbaa. Weka maneno hayo mbele ya watu ambao mtoto wa saba humpokea kwa dua zilezile za wa kwanza, utakuwa umewatukana hata hawajaketi vizuri. Tena hoja yenyewe haisimami. Katika karne ya 20 alama za vipimo vya akili zilipanda katika nchi nyingi, takriban pointi 3 kila miaka 10, na wataalamu hutaja shule, lishe na afya, si fulani kazaa wangapi. Sehemu hiyo usiitetee. Simama wewe kwanza, useme: "Mwanzo wake una matusi kwa wenye watoto wengi, nami sikubaliani nao, tazameni kinachofuata." Ukishalisema wewe, mwenye kununa hana la kuongeza.

Utetezi uko kwenye namna vichekesho vyake vilivyofumwa. Mjinga anayechekesha hakosi akili. Anazo zake, kama tusemavyo kwamba akili ni nywele. Chukua pale Joe anapopimwa akili gerezani. Anaulizwa: una ndoo moja ya galoni 2 na nyingine ya galoni 5, una ndoo ngapi? Joe anasita. Anatafuta mtego ulipo. Mtego haupo, ndoo ni mbili. Kicheko hapo hakiko kwenye swali, kiko kwenye uso wa mtu aliyesoma anayeshindwa kuamini kwamba ameulizwa hilo tu. Na mtazamaji aliyekwisha kuanza kujumlisha 2 na 5 kichwani anajicheka mwenyewe kwanza.

Halafu kuna maji. Katika dunia hiyo mashamba yanamwagiliwa kinywaji cha wanamichezo kiitwacho Brawndo. Kampuni yake ilizinunua taasisi za serikali zilizopaswa kuisimamia, na maji yakabaki ya chooni. Joe anauliza kwa nini mimea inyweshwe soda, anajibiwa kwamba ina elektroliti, na elektroliti ndizo mimea inazozitamani. Elektroliti ni nini? Hakuna ajuaye, wanarudia tangazo tu.

Mtu wa pwani yetu angepaswa kucheka hapa kuliko mtu wa Texas. Elektroliti ni chumvichumvi. Anayelima mchicha karibu na kisima kilichoanza kuingiwa na chumvi anajua mwisho wake: ncha za majani zinaungua, udongo unaota ukoko mweupe, na mche unanyauka ilhali chini kuna unyevu. Sababu ni kwamba mzizi huvuta maji kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi. Udongo ukizidi mzizi kwa chumvi, maji hayapandi. Mnazi na mtende huvumilia kiasi, maharage huumia mapema. Ndiyo maana kisiwani Lamu watu huyalinda matuta ya mchanga ya Shela kama hazina: maji matamu yamelala juu ya maji ya bahari, na ukivuta kupita kiasi chumvi inapanda kisimani. Kinywaji cha aina hiyo, licha ya chumvi zake, huwa na sukari kama gramu 60 kwa lita, mwaliko kwa sisimizi na ukungu. Basi mzaha wa Brawndo ni kilimo sahihi kabisa. Utani wake umejengwa juu ya kweli, na watu wako wanaijua kweli hiyo kwa mikono yao. Walichokosa ni mtu wa kuwatafsiria neno moja.

Joe anashindwa kuwashawishi kwa hoja. Mwishowe anawaambia mawaziri kwamba yeye huzungumza na mimea, nayo imemwambia inataka maji. Wanakubali hapo hapo. Hicho ndicho kipande tungekichagua kama tungeambiwa tuitetee picha hii kwa dakika moja.

Ukiirudisha kibandani, fanya hivi. Tangaza saa na usiku mmoja tu, watu wajae pamoja, kwa sababu kicheko huambukizana. Watu 18 waliotawanyika kwenye viti 60 kila mmoja anamwogopa mwenzake. Funga viti vya nyuma, wakae bega kwa bega mbele. Picha ina dakika 84, usiikate katikati kwa matangazo ya mechi. Msimulizi wa papo hapo, wa mtindo wa DJ Afro, atasaidia, mradi anyamaze penye nyuso na aongee penye maneno. Na watoto wabaki nyumbani: lugha yake ni chafu, kule Marekani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi, na mzee atakayekaa na mkwewe pale atataka kuzama ardhini. La mwisho ni karatasi: diski ya kutazamia nyumbani haikupi ruhusa ya kutoza kiingilio. Unahitaji leseni ya Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya na idhini ya mwenye haki, ambaye tangu 2019 ni Disney, iliyoinunua Fox.

*Wahariri, hamjambo? Mimi na wenzangu hapa Langoni, Lamu, tunaandika tafsiri ya Kiswahili ya kuonekana chini ya picha za vichekesho, kwa ajili ya mama zetu wasiojua Kiingereza. Ajabu ni kwamba mama wanacheka kabla mchezaji hajasema, au dakika mbili baada yake. Tunakosea wapi?*
Dada wa Langoni

Hatujambo, dada. Mna makosa mawili yasiyohusiana.

La kucheka mapema ni la uandishi. Mmeweka swali na jibu katika maandishi ya pamoja, jicho likasoma hadi mwisho wakati mchezaji angali anavuta pumzi. Gawanyeni. Neno la kuchekesha lipate maandishi yake peke yake, na lijitokeze sekunde ileile linapotamkwa, si nusu sekunde kabla. Mistari isizidi miwili, kila mstari herufi kama 40, na msomaji apewe sekunde moja kwa kila herufi 12 hadi 15. Mama zenu wapeni 12. Kiswahili hutanuka kuliko Kiingereza, kwa hiyo mtalazimika kuacha maneno. Acheni majina, salamu na viapo. Kiini cha utani kisiguswe, na kikae mwisho wa sentensi hata kama Kiingereza kilikiweka mwanzo.

La kuchelewa ni la mashine. Faili lenu la maandishi limepimwa kwa picha ya fremu (picha tuli) 23.976 kwa sekunde, nanyi mnacheza nakala ya fremu 25. Tofauti ni asilimia 4 na ushei. Mwanzoni haionekani, kufika mwisho wa picha ya dakika 84 maandishi yamepishana na maneno kwa zaidi ya dakika tatu. Msisogeze maandishi yote mbele kwa kiasi kimoja, kwani mwanzo utaharibika mkiponya mwisho. Fungueni faili kwenye programu ya Subtitle Edit, mbadilishe kasi ya fremu, kisha mjaribu mahali patatu: dakika ya 5, ya 40 na ya 80. Hifadhini kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi), jina la faili liwe sawasawa na la picha, mwisho wake .srt, vyote viwe ndani ya folda moja kwenye flashi. Televisheni nyingi hazitayaona maandishi bila hivyo.

Vipimo navyo vitafsiriwe. Galoni haimwambii mama kitu. Ile ndoo ya galoni 2 ifanyeni ya lita 10, na ya galoni 5 iwe ya lita 20. Lita hazitimii sawasawa, lakini anazijua kwa uzito wake kichwani.

*Kwa nini Mr. Bean ni mjinga na hakuna anayemchukia, wala hahitaji tafsiri?*
Msomaji, Mkomani

Kwa sababu anataka vitu vidogo ambavyo kila mtu anavitaka, na anavitafuta kwa mwili, si kwa ulimi. Vipindi vya asili vilivyo na Rowan Atkinson ni 15 tu, vya 1990 hadi 1995, na katika vingi hasemi zaidi ya kuguna. Mzee Majuto, aliyefariki Agosti 2018, alikuwa na kipaji hicho cha mwili, ila yeye aliongezea maneno. Asiyejua Kiswahili angepata nusu. Idiocracy inategemea mabango, matangazo na majina ya kampuni, na yote ni ya kusoma kwa Kiingereza. Hapo pia ilikwama Maweni.

*Shikamooni. Naandika mchezo mfupi wa video, dakika 10, wa majuha wawili wa Mambrui. Niliowasomea wanasema majuha wangu wanachosha. Nikiwaongezea ujinga wanachosha zaidi. Nisaidieni.*
Kijana, Mambrui

Marahaba, mwanetu. Punguza ujinga, ongeza hoja. Ukitazama vizuri utakuta majuha wako wanafanya lolote linalokujia wewe kalamuni, na mtazamaji hawezi kukisia hatua inayofuata. Asipokisia hacheki, anasubiri tu. Mpe juha kanuni moja isiyo sahihi na umlazimishe kuifuata kwa uaminifu. Usimchanganye na Abunuwasi. Huyo hujifanya mjinga kwa faida yake, na mchezo wake huisha kwa mwingine kuaibika. Wala juha wako asiwe mgonjwa wa akili au kiziwi. Hapo watu wa Mambrui watakununia, na watakuwa sawa.

Mfano. Wawili wametumwa barafu ya kuhifadhia samaki, na njiani inaanza kuyeyuka. Mmoja anasema jua ndilo adui, mwingine anakubali, na chini ya maji hakuna jua. Wanaifunga kamba, wanaiteremsha baharini, wanakaa juu ya gati wakisifiana. Wakiivuta, kamba tupu. Hatua tatu, kila moja imetoka kwenye ya nyuma yake, na sasa kanuni yao inawapeleka wasikotarajia: barafu haikuyeyuka, imeibwa. Mwizi wa chini ya maji ni nani? Papa. Wanakwenda kituoni kumshtaki.

Unapopiga, kamera isimame kwenye kamba tupu sekunde 3 kamili kabla ya yeyote kunena. Wengi hukata baada ya sekunde moja na kicheko hufa. Wachezaji wasicheke wala wasikonyeze. Mwambie kila mmoja acheze kama mtu aliyepotelewa na mali. Sauti irekodiwe kwa maikrofoni ya kubana nguoni, iliyofunikwa sifongo, maana upepo wa kusi gatini utameza kila neno simu ikisimama mbali zaidi ya mita moja. Kituoni askari aandike kwa utulivu, afungue ukurasa mpya, aulize papa huyo alikuwa amevaa nini. Majuha watazamane. Kata hapo, usingoje jibu.