Shangazi, nitamwambia nini kaunsela saa nzima?

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kariobangi, Nairobi, miaka 36, nina mke na watoto wawili. Tangu mwezi wa tatu silali. Ikifika saa tisa usiku macho yako wazi mpaka kunakucha. Nyumbani nimekuwa mkali, na kazini nimeharibu mageti mawili ya wateja kwa kukosea vipimo. Shemeji yangu amenipangia kuonana na kaunsela Ngong Road, Alhamisi saa nane mchana. Sijawahi kuingia mahali kama hapo. Nitalazwa kwenye kochi? Nitasema nini saa nzima? Kizungu changu si cha kueleza mambo ya moyoni. Na je, atamwambia mke wangu? Wenzangu wanasema mwanaume hujikaza. Halafu kaka yangu alifariki Februari, lakini hiyo nimeshaikubali. – Fundi, Kariobangi"

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kufiwa. Nitarudi kwa kaka yako, maana umemweka mwisho kabisa wa barua.

Hutalazwa popote. Utakuta chumba kidogo chenye viti viwili, saa ya ukutani na tishu karibu na kiti chako. Kikao ni dakika 50 hadi 60, na kikianza saa nane kitaisha kwa wakati wake hata ukichelewa, kwa sababu kuna mtu mwingine baada yako. Kutoka kwako mpaka Ngong Road utabadilisha matatu mjini, kwa hiyo ondoka saa sita. Kabla ya Alhamisi piga simu uulize ada ni kiasi gani, unalipaje, na ukikosa kufika utatozwa au la. Wengi hutaka uwaarifu saa 24 kabla.

Ukifika, utajaza fomu: jina, umri, mtu wa kupigiwa simu wakati wa dharura, magonjwa, dawa unazotumia, pombe, sigara, miraa. Andika ukweli. Kama unatafuna miraa jioni ili umalize kazi ya mteja, hiyo peke yake inaweza kukufukuzia usingizi, na kaunsela asipoijua atatafuta chanzo mahali pengine.

Huenda pia ukapewa karatasi ya maswali tisa iitwayo PHQ-9. Inauliza katika wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na kukosa usingizi, uchovu, kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda na mengineyo. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Ipo kwa Kiswahili, iombe. Wapo wanaojaza sifuri kila mahali ili waonekane wako sawa. Mwanangu, karatasi hiyo hujazwa tena baada ya wiki kadhaa ili muone kama kuna nafuu. Ukianza na alama za uongo, utakuwa kama unapima geti kwa futi iliyokatika ncha: kila kipimo kinachofuata kitakuwa kimepotoka.

Swali la tisa linahusu mawazo ya kwamba heri ufe, au ya kujiumiza. Usishtuke, kila anayejaza karatasi hiyo huulizwa, na kuulizwa hakumpandikizii mtu wazo. Wanaume wengine hulificha wakiogopa polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kinakiuka Katiba. Na kuwa na wazo tu hakujawahi kuwa kosa. Likikujia kabla ya Alhamisi, usisubiri miadi. Piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au nenda hospitali iliyo karibu nawe.

Sasa mkeo. Hataambiwa neno bila ruhusa yako. Shemeji yako naye vivyo hivyo, hata kama ndiye aliyepanga na ndiye anayelipa. Lakini usiri una mipaka, na kaunsela anapaswa kukueleza mipaka hiyo kabla hujafungua moyo: kama maisha yako yako hatarini, kama unataka kumdhuru mtu, kama kuna mtoto anayeteswa, au mahakama ikiamuru. Jambo jingine ambalo watu wengi hawaambiwi ni kwamba kaunsela mzuri naye ana msimamizi wake, ambaye hujadiliana naye kazi bila kutaja jina lako. Utapewa karatasi ya ridhaa utie sahihi. Isome yote, na kama ni ya Kiingereza mwombe akufafanulie kila aya. Anayoyaandika kukuhusu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na una haki ya kuuliza kilichoandikwa.

La lugha nataka ulishike zaidi ya yote. Piga simu useme, "Nataka kuzungumza kwa Kiswahili." Kama lugha ya nyumbani ndiyo inayokutoka unapoumia, uliza kama kuna anayeijua. Usikubali kujieleza kwa lugha ya kukodi. Mtu akitafuta maneno ya Kiingereza huishia "niko stressed" na hapo habari inafungwa. Kwa Kiswahili utasema kifua kinabana, roho inauma, mawazo yanazunguka kichwani usiku kucha, na kila moja ni jambo tofauti ambalo kaunsela ana la kuuliza juu yake. Mwambie vilevile unavyosema karakana, hata kwa Sheng. Si kazi yako kutaja jina la ugonjwa.

Kuhusu saa nzima, hutahubiri. Yeye atauliza na wewe utajibu. La kwanza huwa, "Nini kimekuleta leo?" Jibu fupi latosha: "Silali, nimekuwa mkali, nimeharibu kazi mbili." Atauliza lilianza lini, usiku ukoje, kazi, ndoa, ulikolelewa. Kuna swali hutataka kulijibu siku ya kwanza, na unaruhusiwa kusema, "Hilo bado." Kutakuwa na kimya pia. Amekuachia nafasi ya kufikiri, usikijaze kwa mzaha. Ukilia, tishu zile ziko kwa ajili hiyo. Na usitarajie hukumu kama ya wazee kwenye kikao cha ukoo, kwamba fanya hivi, acha vile. Wengi hutoka wakinung'unika kwamba hawakuambiwa la kufanya, wakati siku ya kwanza kwa sehemu kubwa ni ya kukufahamu na kukubaliana mnaelekea wapi. Ili umsaidie, andika kuanzia leo usiku saa unayolala, saa unayoamka, na ulichokuwa ukifikiria ulipoamka. Nenda na karatasi hiyo.

Na sasa kaka yako. Umeandika kuhusu usingizi, mageti, kochi, Kizungu, kisha mwisho ukamtaja kwa mstari mmoja na kumfungia mlango: "nimeshaikubali." Amefariki Februari, usingizi ukapotea mwezi wa tatu. Sikwambii kwamba hicho ndicho chanzo, maana hilo mtalipima wewe na kaunsela. Lakini makaunsela wanaijua sana tabia hii ya mtu kuzungumza dakika 45 kuhusu kazi, kisha akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango anasema lile zito. Hufanya hivyo kwa sababu anajua muda umekwisha na hataulizwa zaidi. Basi kikao kinaisha bila kuligusa, na wiki nzima analibeba likiwa wazi. Alhamisi, mtaje kaka yako katika dakika kumi za kwanza. Jina lake, na siku uliyopata habari. Kama sauti itakatika, ikatike. Kama ni kujikaza kunakosifiwa na wenzako, umejikaza tangu Februari, na mke na watoto wako ndio wanaoyaona matokeo.

Una haki ya kumhoji pia. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inataka asajiliwe na Bodi. Muulize, "Umesajiliwa? Umesomea nini? Umewahi kusaidia waliofiwa?" Anayekasirishwa na maswali hayo hakufai. Yeye haandiki dawa za usingizi. Akiona unahitaji daktari atakuelekeza, na hospitali ya afya ya akili ya Mathari pale Thika Road, ambayo si mbali nawe, ina kliniki ya wagonjwa wa nje.

Ukitoka, usirudi kwenye grainda jioni hiyo. Kichwa kitakuwa kizito, na usiku unaweza hata kulala vibaya zaidi kwa siku moja mbili kwa sababu umegusa kidonda. Wengi huacha hapo, wakidhani wameharibiwa. Jipe vikao vitatu au vinne kabla ya kuamua, isipokuwa kama amekudharau, amekuhubiria dini yako au yake bila kuombwa, au amekugusa isivyofaa. Hapo usirudi hata mara moja.

Na kama baada ya vikao hivyo unaona tu kwamba hamuelewani, huna haja ya kutoweka bila kuaga. Mtumie ujumbe huu: "Asante kwa muda wako. Ningependa kujaribu mtu mwingine. Kuna unayemjua anayeshughulikia msiba kwa Kiswahili?" Hatakasirika. Ombi hilo amelizoea.