"Punguza apacha": kipunguzwe nini?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Najifunza kupiga picha hapa Kigoma. Juzi asubuhi tulikuwa Kibirizi, jua limeshakuwa kali, napiga picha dagaa walioanikwa. Kamera nimeiweka kwenye M, napanga kila kitu mwenyewe. Picha ikatoka nyeupe mno. Kaka anayenifundisha akasema, "Punguza apacha." Nikatoka f/8 nikaenda f/4, picha ikaungua kabisa! Nani kakosea Kiswahili, mimi au yeye?

Jibu: Marahaba. Kisarufi hakuna aliyekosea, ila agizo lile lilikuwa na maana mbili, nawe ukashika moja. Kaka yako alikusudia apacha yenyewe, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga. Wewe ukapunguza namba iliyo kwenye kioo. Viwili hivyo hupishana. Namba ya f ni ya kugawanyia: lenzi ya milimita 50 ukiigawanya kwa 2, tundu lina upana wa milimita 25, ukiigawanya kwa 10, zinabaki milimita 5. Kwa hiyo kutoka f/8 kwenda f/4 uliingiza mwanga mara nne ya ule ambao tayari ulikuwa umezidi.

Natamani sana wapiga picha waache "ongeza" na "punguza" kwenye apacha. Tuna "fungua" na "bana", vitenzi vinavyogusa tundu lenyewe wala havina habari na namba. Kaka angesema, "Bana apacha mpaka f/11," usingekuwa na la kuuliza. Wengine husema "funga". Si vibaya, mradi ifuatwe na "kidogo", kama tunavyosema "funga bomba kidogo". Ikiachwa peke yake, msikiaji anaelewa kuziba kabisa. Na upatanisho ufuate maneno mengi ya kukopa: apacha imefunguka, si limefunguka.

ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga, haina tabu. Ukiambiwa "pandisha ISO", namba inapanda na picha inang'aa. Vyote vinakwenda pamoja.

Shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kwa muda kuingiza mwanga, ndiyo inayohitaji uangalifu. "Ongeza spidi" na "ongeza muda" ni Kiswahili safi vyote, lakini vinapingana: 250 kwenye kioo ni sehemu moja ya 250 ya sekunde, hivyo spidi ikiongezeka muda unapungua, na picha inazidi kuwa na giza. Anayesema "ongeza shata" tu hajasema lipi kati ya hayo analitaka, na una haki ya kumuuliza kabla hujagusa kitufe.