Jibu: Kukata ncha kunakuza nywele?

Dada, umeuliza kama ni kweli anavyosema msusi wako wa Sinza, kwamba ukikata ncha kila mwezi nywele zitakua haraka. Hapana. Nywele huota kwenye mzizi, ndani ya ngozi, na kwa wastani hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi. Mkasi wa kule nchani mzizi hauna habari nao. Unachopata ni kuondoa zilizopasuka zisizidi kukatika.

Mimi ningehofia zaidi hizo rasta ulizosema zinabana. Ukiona vipele pembeni mwa paji la uso, au mpaka umeze Panadol ndipo ulale (tunajuana!), fumua. Nywele zikivutwa hivyo muda mrefu mizizi hufa, na hapo hata mafuta ya nazi hayarudishi kitu.