Re: Mieleka ya wasichana shuleni, nianzie wapi? Anza na mechi, mati itakuja

Madam uliyeuliza kama shule ya kutwa hapa Nairobi, haina mati (lile godoro pana la kupambania mieleka), ina wasichana saba tu walioonyesha nia, inaweza kuwa na timu ya mieleka ya wasichana na prinsipo aikubali, jibu ni ndio inaweza kabisa. Nitaandika mrefu kidogo mnivumilie, mimi ni mwalimu wa games huku Eastlands na hii kitu ya mieleka ya wasichana naipenda sana, nimekaa nayo miaka kadhaa nikiona timu zinaanza na zingine zinakufa.

Wengi watakwambia utafute mati kwanza. Mimi nakwambia tafuta mechi. Timu nilizoona zikifa hazikufa kwa kukosa mati, zilikufa juu wasichana walifanya mazoezi term nzima wakishikana na yule yule wanayekaa naye dawati moja na hakuna Jumamosi hata moja waliambiwa vaeni tracksuit tunaenda mahali. Wa netiboli anajua fixture yake, wa voliboli anajua, wa soka anajua, sasa wewe unamwambia huyu wa mieleka aendelee kupiga magoti kwa sakafu mpaka lini? Atakuacha aende raga na hutamlaumu.

Na si huku tu. Marekani wasichana walikaa miaka wakiingizwa kwa timu za wavulana, anayetaka mieleka apambane na kijana, na walikuwa wachache sana. Hawaii ndio jimbo la kwanza kuwapa wasichana wa high school ubingwa wao wa jimbo, mwaka 1998, na majimbo mengine yakafuata polepole, na kila jimbo likiwafungulia mashindano yao wenyewe wasichana wanajaa. Msimu wa 2023-24 walikuwa wamepita 60,000 kwa shule za sekondari, na Januari 2025 vyuo vikuu vya NCAA (chama cha michezo ya vyuo vya huko Marekani) vikapitisha ubingwa rasmi wa wanawake kuanzia 2026. Mati zilikuwako miaka hiyo yote, madam. Kilichobadilika ni msichana kupata msichana mwenzake wa kupambana naye, kwa siku inayojulikana, na medali ya mwisho ikiwa yake.

Kwa hivyo kabla hujaomba prinsipo pesa, piga simu. Tafuta mwalimu mmoja wa shule ya jirani hata kama ana wasichana watano, tafuta klabu ya judo (wasichana wa judo wanaingia mieleka haraka sana, kushika na kuangusha tayari wanajua), ongea na watu wa chama cha mieleka wakupe refa, na uulize kwa social hall za mitaa kule vijana wanafanyia boxing kama mtapewa Jumamosi moja. Mkiwa wasichana ishirini hiyo ni siku kamili ya mashindano.

Sasa sikiza hapa kwa kupanga, hapa ndio watu huharibu. Usichukue uzito wa Olimpiki wa wanawake, yaani kilo 50, 53, 57, 62, 68, 76, ukabandika kwa ukuta, kwa sababu na wasichana ishirini utapata mmoja ako peke yake kwa 68 anapewa dhahabu bila kuguswa na wanne wamebanana kwa 53. Wapime wote asubuhi, waandike kutoka mwepesi mpaka mzito, halafu ukate wanne wanne wanaokaribiana, na kwa kila kundi kila mtu akutane na kila mtu. Kila msichana anarudi nyumbani na mechi tatu, hata aliyeshindwa zote tatu. Makundi matano ni mechi thelathini, na mechi ya umri huo ni dakika mbili mara mbili na mapumziko ya sekunde thelathini, na nyingi hazifiki mwisho, kwa hivyo ukianza saa tatu asubuhi mchana mmemaliza na watoto wamepanda matatu mapema. Akizidi mwenzake pointi kumi imeisha, akimbana mabega yote mawili chini imeisha. Angusho pointi mbili, kumtoa nje ya duara pointi moja, wafundishe hizo kwanza, hayo mengine watajua mbele.

Mati yenyewe ya mashindano ni mita 12 kwa 12 na bei yake shule yetu ya kutwa haiwezi kuigusa, wacha nisikudanganye. Sisi tulishona magodoro ya sponji ngumu yakapangwa bila kuacha mwanya, turubai juu, likavutwa na kamba mpaka halina mkunjo, maana mkunjo ndio hukamata kidole cha mguu ukakivunja. Kwa hiyo unafanya kazi ya magoti, kushuka miguuni, kugeuza mtu chini. Kurusha mtu juu juu hapana, ngoja siku ya mati ya kweli. Na kwa simiti usijaribu hata kwa mzaha.

Wiki za kwanza ni kuanguka tu. Kidevu kifuani, mkono unapiga chini, mgongo umekunjwa. Halafu kusimama vizuri, halafu kuingia miguuni. Nakumbuka msichana mmoja wa Form Two, mpole, kila akiingia anafumba macho na kuinamisha kichwa, na kichwa kikiinama shingo inabaki kwa mikono ya mwenzake. Nikamwambia weka sikio lako kwa mbavu zake, usikie anavyopumua. Akaingia, goti likagusa turubai, sikio likabandikwa kwa mbavu, mikono ikafunga nyuma ya magoti ya mwenzake, na mwenzake, ambaye alimzidi kilo kama nne, akakaa chini pwaa! Ukumbi ukapiga nduru. Yule mtoto hakucheka, alisimama akarekebisha kitambaa cha kichwa akasema, "Mwalimu, tena."

Wazazi nao. Wengi wakisikia mieleka wanafikiria ile ya TV ya usiku, viti vinavunjwa kwa mgongo wa mtu. Mama mmoja alikuja mpaka staffroom akaniambia, "Mwalimu, huyu ni mtoto wangu msichana, akivunjwa shingo nitaambia babake nini?" Sikubishana naye, nilimwambia mama karibu saa kumi ukae hapa ukumbini uangalie mazoezi yote. Akakaa na kiondo chake. Akaona wanavyoanza na kuanguka, akaona refa anasimamisha mkono ukigeuzwa vibaya, akaona binti yake akiomba mwenzake pole na kumwinua. Mwaka huo huyo mama ndiye alikuwa anatuletea uji siku za mechi. Wazee wengine hata hawakusumbui, ukikutana na babu wa Bungoma au Siaya mieleka ameiona tangu akichunga ng'ombe, anashangaa tu kwamba ni msichana, na hapo ndio unamwonyesha kwa simu Blessing Oborududu wa Nigeria akichukua fedha ya Olimpiki Tokyo 2021, au Marwa Amri wa Tunisia aliyechukua shaba Rio 2016, mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata medali ya Olimpiki kwa mieleka. Wasichana wenyewe pia waonyeshe hizo video. Wanakaa kimya wanaangalia miguu.

Mambo ya usalama sitayazungusha. Fomu ya mzazi imesainiwa kabla mtu hajakanyaga turubai. Kama kocha ni mwanaume lazima kuwe na mwalimu wa kike ukumbini wakati wote, si dakika kumi za mwanzo, wakati wote, na kuonyesha mtindo aonyeshe kwa msichana mkubwa wa timu au kwa maneno. Kupima kilo kufanywe na madam, chumba kimefungwa, na namba isisomwe kwa sauti. Taiti nyeusi na tisheti ya kubana inatosha kwa mechi za shule, mambo ya vesti rasmi ya mieleka hayafai kumfukuza mtoto anayeona haya au yule wa Eastleigh anayefunika mwili, kubalianeni walimu wote kabla. Na taiti nyeusi inasaidia siku za mwezi, wengi huacha michezo kwa hofu hiyo bila kumwambia mtu, kwa hivyo weka pedi kwa begi la timu na useme wazi ziko.

Kucha zikatwe. Shanga za nywele zitolewe, braids zifungwe na kitambaa au kofia ya kuogelea. Turubai lipanguswe na Jik iliyochanganywa na maji kila jioni, choa kikiingia kwa timu moja kinazunguka wote na mwalimu mkuu atafunga hiyo ukumbi. Mwenye kidonda au mabaka kwa ngozi hashikani na mtu mpaka apone. Aliyegonga kichwa anatoka siku hiyo, hata akisema ako sawa, na harudi bila daktari kusema.

Halafu uzito, hapa ninakuomba kama dadangu. Usiruhusu msichana yeyote alale njaa ndio apungue kilo. Vinesh Phogat wa India alifika fainali ya kilo 50 Paris 2024 akaondolewa kwa kuzidi gramu 100, baada ya usiku mzima wa kujikausha maji mwilini ili apungue, na huyo ana daktari, ana mtu wa lishe, ana timu nzima nyuma yake. Msichana wa miaka kumi na tano anayekunywa chai ya rangi asubuhi na kutembea mpaka shule hana hata mmoja wa hao. Ndio maana napenda yale makundi ya wanne wanne, mtu anapimwa alivyo na anapangwa alivyo. Msimu wa Ramadhani pia peleka mechi mbele, baada ya mfungo, wale wanaofunga wasije wakachagua kati ya timu na saumu.

Kwa prinsipo usiende na hotuba. Nenda na tarehe ya mashindano, jina la shule ingine iliyokubali, fomu za wazazi, na umkumbushe kwamba senior school sasa ina njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo, kwa hivyo shule yenye mchezo ambao majirani hawana ina kitu cha kuonyesha. Omba ukumbi siku mbili kwa wiki saa kumi mpaka kumi na moja na nauli ya siku moja. Hivyo tu kwa term ya kwanza.

Niandikie uzito wa hao saba wako, hata kwa kukadiria. Niko na wasichana wengi kati ya kilo 48 na 57 na wawili wakubwa ambao hawajawahi kupata mtu wa size yao, na kama wewe uko na hata mmoja wa kilo 70 hivi nitapanga Jumamosi ya mwezi ujao saa hii hii.