Maswali ya Wasomaji: Dada yangu amenyimwa mafao ya ulemavu

SWALI: Assalamu alaykum. Dada yangu anaishi Coventry, Uingereza, na ana ugonjwa wa baridi yabisi mwaka wa sita sasa. Aliomba mafao ya ulemavu yanayoitwa PIP, akahojiwa kwa simu, kisha akaletewa barua kwamba amepata pointi 4 tu na hatalipwa. Amekata tamaa na anataka kuomba upya. Je, inafaa?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Mwambie asikimbilie ombi jipya, kwani halirejeshi malipo ya miezi iliyokwishapita, ilhali akishinda kwa rufaa huweza kulipwa malimbikizo ya ombi lake la mwanzo. Kwanza aitake Idara ya Kazi na Pensheni ya huko iutazame tena uamuzi wake, ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe iliyo juu ya barua. Wakiushikilia, ataletewa barua nyengine, na hapo ana mwezi mmoja mwengine wa kukata rufaa kwenye baraza lisilokuwa chini ya idara hiyo, ambalo kwa kawaida hukaa hakimu, daktari na mtu mwenye ujuzi wa mambo ya ulemavu. Hakuna ada, na akiomba mkalimani hupewa bure.

Lakini barua tupu ya kusema "sikuridhika" haitamfikisha mbali. PIP hailipwi kwa jina la ugonjwa. Hulipwa kwa yale ambayo mtu hawezi kuyafanya, kama kupika, kuoga, kuvaa na kutembea, na upande wa shughuli za kila siku huhitaji pointi 8. Aombe nakala ya ripoti ya aliyemhoji, aisome mstari kwa mstari. Nina dhana kwamba ataliona humo jibu lake mwenyewe, maana sisi tumelelewa hivyo: mtu anaulizwa hali, naye huku vidole vimevimba anajibu, "Alhamdulillah, sijambo." Kwetu hiyo ni adabu na shukrani, lakini mhoji huandika kwamba mgonjwa hana shida.

Chukua mfano wa kupika. Huenda alisema "napika", na ni kweli anapika. Je, alieleza kwamba viazi humenyewa na mwanawe, kwamba sufuria ya maji ya moto hathubutu kuinyanyua kwa kuwa iliwahi kumponyoka, na kwamba baada ya kukatakata vitunguu viwili hulazimika kukaa nusu saa? Kanuni zenyewe zinataka jambo lihesabiwe kuwa linawezekana pale tu mtu anapoweza kulifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kila linapohitajika, na bila kuchukua muda uliopita kiasi. Basi aandike kila siku, kwa wiki mbili tatu, nini kilimshinda na nani alimsaidia, na aambatanishe maelezo ya mwanawe pamoja na barua ya daktari inayogusa shughuli hizo, si vipimo vya damu peke yake.

Shirika la Citizens Advice huwasaidia watu kuandaa rufaa hizi bila malipo. Ajue pia kwamba baraza hutazama hali yake ilivyokuwa siku uamuzi ulipotolewa. Maradhi yakizidi baada ya hapo, hilo ndilo la kuombea upya.