Kwa Unayetaka Kazi ya Kuendesha Vikao vya Wananchi

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia akiuliza jinsi ya kupata zabuni za kuendesha vikao vya ushirikishwaji wa umma katika kaunti zetu. Ameshasajili kampuni, na ameona, kama wengi wenu mlivyoona, kwamba kazi hii imekua. Tangu Katiba ya Kenya ya 2010 iutaje ushiriki wa wananchi katika Ibara ya 10, na serikali 47 za kaunti zikaanza kazi mwaka 2013, kila bajeti, kila mswada wa fedha, yaani ule unaopanga kodi na ada za kaunti, na kila mpango wa maendeleo hudai kikao, na kikao hudai hema, viti, vipaza sauti, mkalimani, mwendeshaji na mwandishi wa ripoti. Mimi nimepata riziki yangu humo kwa miaka tisa.

Nitamjibu kwa kusimulia kikao kimoja ambacho hadi leo kinanichoma. Kilifanyika katika wadi ya mbali, kwenye kaunti ya Pwani ambayo sitaitaja, na kilihusu mswada wa fedha. Nakala za mswada zilifika asubuhi ya siku ile ile, kumi na mbili kwa watu zaidi ya mia moja, na zote zilikuwa za Kiingereza. Watu walitia sahihi orodha ya mahudhurio hata kabla ya dua ya kufungua kikao, kwa kuwa walikuwa wameambiwa kwamba nauli italipwa kwa kufuata orodha hiyo. Niliposoma viwango vya ada, mama mmoja muuza samaki alisimama akauliza kwa nini ada ya kila siku ipande ilhali soko halina maji wala choo. Nilimshukuru, nikamwambia kwamba hoja yake imeandikwa.

Sikuiandika. Ofisi iliyonipa kazi ilitaka ripoti fupi kufikia jioni ya siku ya pili, nami nikaogopa kupoteza kazi zitakazofuata, kwa hiyo nikaandika kwamba wananchi waliunga mkono mswada kwa kauli moja. Miezi michache baadaye nilipita soko lile, na yule mama akanitambua.

“Mwanangu, yale maneno yangu uliyapeleka wapi?”

Sikuwa na jibu. Na ile zabuni iliyofuata, ambayo kwa ajili yake nilinyamaza, alipewa mtu mwingine bila mimi kujulishwa, huku malipo ya kazi ya kwanza nikiyasubiri kwa miezi kumi na minne.

Baada ya hapo ndipo nilipoisoma kwa makini hukumu ya Mahakama Kuu ya 2014 iliyobatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kukosa ushirikishwaji wa kutosha. Jaji George Odunga alisema kwamba haitoshi kutuma ujumbe mtandaoni na kuwaachia watu wautafute wenyewe, akataja makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za wenyeji kuwa njia za kuwafikia. Ndugu zangu, anayepika ripoti anaiuzia kaunti sheria inayoweza kuanguka mahakamani, na ada zilizotegemewa zikaanguka nayo.

Kwa hiyo msikubali kikao ambacho hati zake hazijawafikia watu mapema. Msikubali kusimama mbele ya wazee wa Kigiriama au Kiduruma mkiwa na karatasi za Kiingereza peke yake. Tengenezeni muhtasari wa Kiswahili na mtafute mkalimani anayeheshimika pale. Andikeni hoja kama ilivyosemwa, pamoja na wadi ilikotoka, kisha mrudi kuwaeleza watu ni ipi iliyokubaliwa, ipi iliyokataliwa na kwa nini. Mwaka jana, katika kaunti nyingine, niliwasilisha ripoti ya kurasa 41 iliyoandikwa hivyo, na ombi la kina mama wa soko kuhusu maji likaingia katika makadirio ya bajeti. Ninajivunia ripoti ile kuliko malipo yoyote niliyowahi kupokea.

Mpango wa maendeleo wa mwaka hupaswa kufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya kuandika barua yoyote ya zabuni, nenda kwa msimamizi wa wadi yako, omba nakala ya mpango uliopita, uisome yote, halafu ukashinde sokoni siku nzima ukisikiliza.